Samaki Asiyetajwa kwa Jina

Kiti changu cha dirishani mmeshampa mtu mwingine, na mmefanya vyema. Kiti hakistaafu, niliyestaafu ni mimi. Macho yamechoka na kioo cha kompyuta, mgongo umechoka na hicho kiti chenyewe, na huku nyumbani Bujonde kuna mpunga ambao haujali kama mtu amefika umri wa kupumzika. Mliniomba niandike kazi zetu zilivyokuwa. Nitaandika kama ninavyosema, maana shule yangu iliishia darasa la saba na sikufundishwa kuandika kwa kuzunguka. Nani alipandishwa cheo na lini, mkamuulize mwenyewe. Mimi nitawaeleza nilivyojifunza kutengeneza kurasa za tovuti, nilivyojifunza kuongoza ule mchezo wetu wa hadithi mezani, na jinsi hayo mawili yalivyokutana kwenye nyumba ya wageni ya Tumpe kule Matema, nyumba hiyo ilipokuwa karibu kumtoka mkononi.

Kabla ya kompyuta nilikuwa na brashi. Niliandika mabango: saluni, bucha, duka la dawa, mashine ya kukoboa mpunga. Toka Njisi mpaka Matema ufukweni kuna kuta zilizobeba mkono wangu, ingawa mvua za kwetu haziheshimu rangi ya mtu. Kazi ile ilinifundisha jambo moja kubwa. Mtu anayepita na baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi hana muda na wewe. Jicho moja liko barabarani, la pili liko kwenye mikungu. Asipolipata neno lako kwa kutupa jicho mara moja, umeuandikia ukuta. Kwenye saluni moja nilichora kichwa cha mwanamume aliyenyolewa vizuri, watu wakasema mbona anafanana na mume wako. Alikuwa ni mume wangu. Ndiye peke yake aliyekubali kukaa bila kusogea.

Dada Rehema alinikuta juu ya ngazi. Nyinyi mnamjua akiwa bosi wenu, lakini wakati huo alikuwa mgeni kabisa Kyela, mtu wa Tanga, mume wake amehamishiwa huku kikazi, naye amekodi chumba afungue ofisi ya kuchapa na kutengeneza tovuti. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika ukuta wa nje. Akasimama chini akiniangalia muda mrefu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usiegemee hapo, rangi mbichi."

"Hizo herufi unazipimaje? Sijaona rula."

"Nazipima kwa macho. Rula inajua urefu, haijui kama neno limekaa vizuri."

Akacheka. "Ukimaliza huko nje, ingia ndani. Nina ukuta mwingine unaokusubiri."

Ukuta wenyewe ndiyo kompyuta. Siku ya kwanza nilikishika kipanya kama mtu aliyeshikishwa chura. Nikakisukuma, mshale ukaenda kwenye kioo, nikaendelea kukisukuma, meza ikaisha. Nikamwambia Rehema hii meza ni fupi, tafuta ndefu. Hakunicheka mbele yangu. Alisema, "Kinyanyue, Bibi, ukirudishe katikati. Mshale utakusubiri." Kisha akatoka nje, na huko nje nilimsikia akicheka mpaka akakohoa.

Programu yetu ilikuwa ya kuburuta. Hapakuwa na haja ya kuandika zile alama za mafundi wa kompyuta. Unachukua kipande cha picha, unakiburuta, unakiweka. Unachukua kipande cha maneno, unakiweka chini yake. Kilichonishangaza zaidi kilikuwa kile kitufe cha kurudisha nyuma. Ukutani ukikosea, kosa linabaki chini ya rangi na wewe unajua liko pale. Kwenye kompyuta unabonyeza, na kosa limeondoka kama halijazaliwa. Kitufe hicho kingekuwepo kwenye ndoa, wazee wa ukoo wangekosa kazi.

Kilichonisumbua zaidi ni wateja na nafasi tupu. Kila mteja anataka ukurasa ujae. Mfanyabiashara mmoja wa mchele wa Makwale aliweka kidole kwenye kioo: "Bibi, hapa pembeni mbona patupu? Jaza." Nikamuuliza, "Shambani kwako majaruba yana njia kati yake?" Akasema yana. "Kwa nini usipande mpunga mpaka njiani?" Akasema, "Sasa nitapita wapi kupalilia?" Nikamwambia jicho la msomaji nalo linataka mahali pa kukanyaga. Halafu akasema, basi weka angalau picha yangu. Tukaiweka. Hamtashinda kila vita.

Jambo jingine, mlichukulie kama amri ya bibi yenu: ukurasa ukikamilika, tokeni nao nje. Msiuhukumu ndani ya ofisi kwenye kivuli na kioo kikubwa. Chukueni simu ndogo iliyopasuka, simameni stendi jua la saa saba, muone kama zile herufi za kijivu mnazozipenda zinasomeka. Hazisomeki. Mjukuu wangu Sekela, huyu anayesoma chuo, aliniambia kijivu ndiyo mtindo wa siku hizi. Nikampeleka stendi. Siku hizi anatumia nyeusi, na wenzake chuoni wanamuuliza nani kakufundisha. Anawaambia bibi yangu. Hilo nimeliandika kwa sababu nalipenda, halina faida nyingine.

Sasa niwaeleze Meza, ule mchezo wetu wa hadithi. Rehema aliujua mchezo huo tangu alipokuwa chuo. Watu wanakaa kuzunguka meza. Kila mmoja anabuni mtu wake wa hadithi: jina, kazi, anachoweza na asichoweza. Mmoja tu hana mtu wake. Huyo anaongoza hadithi, anawaeleza wako wapi na kimetokea nini, kisha anauliza, "Unafanya nini?" Mchezaji anajibu. Jambo likiwa na shaka, kama kuruka mto, zinarushwa dadu, nazo zinaamua. Ile dadu kubwa ya Rehema ina nyuso nyingi hata ukiiweka chini haitulii. Mama mmoja wa kwaya alichungulia dirishani akaniuliza kama uzee umeniingiza kwenye kamari. Nikamjibu kwenye kamari mtu anataka cha mwenzake, hapa kila mtu anarudi nyumbani na njaa yake aliyokuja nayo.

Rehema alituchezesha Jumamosi mchana, kazi zikipungua. Kisha siku moja akaniambia, "Bibi, leo ongoza wewe."

Nikajiandaa. Nikatunga hadithi ya Mto Kiwira umefurika, daraja limekwenda, na watu wana magunia ya mpunga ya kuvusha. Nilishajua kila kitu kitakavyokuwa: watakata migomba, watafunga chelezo, mmoja ataanguka majini, ataokolewa. Nzuri kabisa. Tukaanza. Nikasema, "Mnakata migomba."

Binti mmoja wa pale ofisini akasema, "Mimi sikati."

"Utakata. Mto umejaa."

"Mtu wangu anaoa."

"Anaoa katikati ya mafuriko?"

"Eeh. Ng'ambo kuna familia ina mtumbwi na ina binti. Nikioa, wakwe hawawezi kuninyima mtumbwi. Nawaita kwa sauti kutoka huku."

Meza nzima ikalipuka kwa kicheko. Mimi nilikasirika. Nikasema hapana, haoi, anakata migomba kama wenzake. Mchezo ukafa pale pale kama moto uliomwagiwa maji. Watu wakaanza kuangalia simu zao.

Walipoondoka, Rehema alikusanya dadu taratibu. "Bibi, unasimulia vizuri sana. Ila unawaamulia kama mama mkwe. Ukishauliza 'unafanya nini', kaa kimya. Jibu si lako."

"Na kama jibu ni la kipuuzi?"

"Basi harusi ndiyo hadithi. Wewe ulete ng'ombe na mashemeji."

Nilikaa na neno hilo wiki nzima. Jumamosi iliyofuata nikarudi kwenye mto ule ule, nikawaacha waoe. Mashemeji wakadai ng'ombe wavushwe kwanza, wachezaji wakabishana na mashemeji, ambao wote nilikuwa ni mimi, na tulipofunga ofisi hakuna aliyetaka kuondoka. Tangu hapo hata kurasa zangu zilibadilika. Zamani nilikuwa napanga kila kitu ninachotaka mimi kusema, toka juu mpaka chini. Sasa nilianza kujiuliza: aliyefungua ukurasa huu amesimama wapi, anataka nini, kidole chake kitakwenda wapi? Anayetafuta kitanda hataki kusoma historia ya mwenye kitanda. Muonyeshe kitanda, ukae kimya.

Nimefika kwa Tumpe, na hii ndiyo kazi yangu kubwa ya mwisho.

Tumpe ni mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Makwale, aliyeolewa Matema. Mume wake alifariki akamwachia kazi ya kuendesha nyumba ya wageni ya ukoo, ufukweni. Nyumba yenyewe si ya mume. Ni ya baba mkwe wake, mzee aliye hai na fimbo yake mkononi, jina lake Mbasa. Ndiyo, kama yule samaki wa ziwani anayepanda mitoni. Na nyumba inaitwa Kwa Mbasa.

Wenyeji mmeshaona taabu ilipo. Wageni, sikilizeni. Kwa mila ya Kinyakyusa, mwanamke hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona anakuja njiani, anakwepa. Na jina lake hatamki, wala neno linalofanana na jina hilo. Siku hizi wengi wameacha, hasa mjini. Mimi mwenyewe nilimkimbia baba mkwe wangu vichakani mpaka siku tulipomzika, kwa hiyo siwezi kumcheka mtu. Ukoo wa Tumpe haujaacha.

Alikuja ofisini na maneno ya tovuti akiwa ameyatayarisha kichwani. Nikawa naandika anavyosema. Nyumba aliiita "Nyumba ya Ufukweni". Chakula: wali, mbalaga, yaani ndizi zetu za kupika, na "samaki wa heshima".

Rehema akauliza, "Samaki wa heshima ni samaki gani, dada?"

"Yule mrefu. Mnamjua."

"Simjui, mimi mtu wa Tanga."

Tumpe akanitazama. Nikamwambia Rehema anasema mbasa. Tumpe akageuza uso dirishani nilipolitaja, kama mtu aliyepitiwa na moshi.

Tukafika kwenye maelekezo ya njia. Akasema mgeni apande "gari refu la abiria" kutoka Mbeya. Rehema akainua uso. "Basi?" Tumpe akakubali kwa kichwa tu. Ndipo nikagundua kwamba tangu aingie hajasema neno "basi" hata mara moja, hata lile la kumalizia maneno. Sisi tunasema "haya basi", yeye anasema "haya, imetosha". Basi na Mbasa, kwake ni ndugu.

"Lakini kuandika si kutamka," Rehema alisema kwa upole.

"Dada, mkono nao ni mdomo."

Tukaweka ukurasa ulivyotakiwa. Ulipendeza. Hakuna mgeni aliyefika kupitia hapo, maana watu waliokuwa wanaijua nyumba ile waliitafuta kwa jina lake, na jina halikuwemo. Mwingine alitafuta mbasa wa kula. Hayumo. Hakuna mtu duniani anayeamka asubuhi akaandika kwenye simu "gari refu la abiria".

Rehema akaona dawa ni kuwaita wote wawili, mwenye mali na mwendeshaji, wakae wakubaliane. Hakuniuliza, nilikuwa nimekwenda kwenye mazishi. Niliporudi siku ya kikao nilimkuta Tumpe amekaa ndani, na mlangoni Mzee Mbasa ndiyo anashuka kwenye bodaboda na mwanawe mdogo, Ambokile, anayefanya kazi Mbeya.

Tumpe alimwona kupitia dirisha. Sijawahi kuona mwanamke mzima akiruka vile. Aliingia nyuma ya mashine ya kuchapa, akavuta bango lililokuwa limetoka kuchapwa, wino haujakauka, akajifunika nalo. Mzee akafika mlangoni, akaona miguu chini ya bango. Naye ni mtu wa mila. Akageuka polepole, akasema, "Naona nimewahi mno," akatoka akakaa barazani, mgongo kwetu.

Tumpe alipojifunua, neno KARIBUNI lilikuwa limeandikwa kinyumenyume shavuni kwake. Rehema alitaka kulia. "Bibi, nimefanya nini mimi?"

"Umemwita mkwe na baba mkwe chumba kimoja. Mletee maji na sabuni, tucheke baadaye."

Lakini hatukucheka, kwa sababu ya maneno ya Ambokile kule barazani. Alisema kwa sauti, makusudi asikike ndani: "Baba, umeona mwenyewe. Biashara haiwezi kuendeshwa na mtu asiyeweza kutaja jina la biashara. Nipe mimi hiyo nyumba. Shemeji arudi kwao Makwale akapumzike."

Mzee akasema, "Nitakuja kuona kwa macho yangu kama mgeni anafika au hafiki. Asipofika, Ambokile, utachukua."

Tumpe alikuwa anajipangusa shavu. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Bibi, nikilitaja jina, Ambokile atakuwa wa kwanza kusema sina adabu. Nisipolitaja, anasema siwezi kazi. Nyumba ile nimeifagia tangu mume wangu yuko hai. Nikirudi Makwale nitarudi kufanya nini? Nikae kwa kaka yangu, niombe chumvi?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza kuwa kazi. Nilirudi kwenye asili yangu, nikachukua penseli. Nikamchora mbasa, mrefu, mkia wake umepinda anapanda mtoni, mchoro ambao hata mwenye baiskeli ya ndizi angeutambua. Nikachora basi lenye mizigo juu. Nikaviingiza kwenye kompyuta. Juu ya ukurasa pakawa na samaki tu, hakuna neno. Chini, kwenye njia, pakawa na basi. Tumpe akatazama, akatabasamu mara ya kwanza tangu nimfahamu. Angeweza kuufungua ukurasa kila siku, kubadilisha vyumba na chakula, bila kulikanyaga jina.

"Vizuri," nikamwambia Rehema, "lakini mtu akitafuta jina bado halimo."

Rehema ndiye aliyefungua mlango huo, sifa yake nampa. "Bibi, kila picha ina mgongo. Mgongoni unaandika maneno ya kusema picha ni ya nini. Msomaji hayaoni. Mashine inayatafuta, na simu ya mtu asiyeona inamsomea." Akanionyesha mahali. Nikaandika mwenyewe nyuma ya samaki: Kwa Mbasa, nyumba ya wageni, Matema. Nyuma ya basi nikaandika basi. Na lile jina la ukurasa linalotokea kwenye majibu ya kutafuta, nikalijaza mimi, mahali ambapo Tumpe hana kazi napo.

Tumpe akauliza, "Kwa hiyo limo?"

"Limo."

"Na mimi silioni?"

"Hulioni. Limekaa upande wa pili wa ukuta."

Akafikiri. "Hapo ndipo panapolifaa," akasema. "Ndaga fijo, Bibi." Asante sana hiyo sijaisahau.

Akabaki Mzee. Alikuwa amesema ataona kwa macho yake, na simu za kisasa hazijui. Rehema alitaka kumwonyesha takwimu za watu waliofungua ukurasa. Nikamwambia mzee yule hatapokea mgeni wa kwenye takwimu. Tumchezeshe.

Tukaenda Matema. Tumpe akakaa jikoni. Mzee akakaa barazani, ukuta wa matofali kati yao, na Ambokile kando yake amekunja mikono. Mimi nikaweka kigoda mlangoni, nikiona pande zote mbili. Rehema akakaa na Mzee, simu mkononi, dadu kwenye sinia.

"Baba," nikasema, "leo wewe si mwenye mali. Chagua uwe nani."

Nilidhani atakataa. Akajikohoza. "Mimi ni mfanyabiashara wa kokoa kutoka Dar es Salaam. Nina tumbo kubwa na sina subira."

Ambokile akaguna. Mzee akamwambia, "Wewe nyamaza, nimeshaanza."

"Uko Mbeya," nikasema. "Umechoka. Mtu alikutajia nyumba moja Matema. Unafanya nini?"

"Naitafuta kwa jina."

Rehema akaandika, samaki akatokea kwenye kioo. Mzee akamshika kwa kidole, simu ikafunguka vyumba na chakula. Akashtuka kidogo, akajifanya hajashtuka. "Sasa nafikaje?" Akaliona basi lililochorwa, akaligusa mwenyewe. Nikamrushisha dadu kwa ajili ya barabara. Ikatoka vibaya, nikamwambia mvua imenyesha, gari limenasa kwenye tope, unafanya nini? Akasema, "Nawafokea wenzangu washuke wasukume. Mimi nina tumbo." Hata Ambokile alicheka.

Akafika. Akaagiza. "Nataka huyu wa pichani. Na mbalaga."

Mezani anayeongoza ndiye anayebeba maneno, kwa hiyo nikageuka upande wa jikoni. "Mgeni anataka wa pichani na mbalaga."

Tumpe akajibu taratibu, "Mwambie samaki yupo, wa kuchemsha au wa kukaanga. Mbalaga leo hakuna. Kuna wali."

Nikapeleka. Mzee akagonga fimbo chini. "Mgeni mzito kama mimi ananyimwa mbalaga? Mwambie aahidi tu, ndizi zitatafutwa nikiwa nimeshalala!"

Nikarudisha. Tumpe alikuwa amekaa chini, khanga begani. Alijua ni nani aliye upande wa pili.

"Mwambie mgeni," akasema, "nyumba hii haiahidi kisichokuwepo jikoni. Ndiyo maana wanaokuja wanarudi."

Jamani, neno zito hilo, la mkwe kumkatalia baba mkwe. Nilisita. Ningeweza kulilainisha. Ningesema Tumpe anaomba radhi, ndizi zinakuja. Lakini jibu halikuwa langu. Nikalibeba lilivyo, nikaliweka barazani.

Ambokile akafungua mdomo, Mzee akainua kidole, Ambokile akaufunga. Ziwa lilikuwa linapiga mchanga pale mbele.

Kisha Mzee akasema, "Mwambie mwenye nyumba, mgeni atakula kilichopo."

Mezani mtu akitamka jambo zito, lazima ijulikane anasema nani, vinginevyo watu watagombana. Nikamuuliza waziwazi, mbele ya mwanawe, "Baba, hilo neno, mwenye nyumba. Analisema mfanyabiashara wa kokoa, au unalisema wewe?"

Akazisukuma dadu kwa Rehema. "Mfanyabiashara ameshalala. Nasema mimi. Ambokile, umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Jikoni, Tumpe alikuwa amepiga magoti akiuelekea ukuta, khanga kichwani. Sikumsemesha. Baada ya muda akasimama, akafunua sufuria, akapakua, akaja na sahani mpaka nyuma yangu, akainama na kuiweka kizingitini bila kuvuka.

Mzee alikula ameupa ukuta mgongo. Alipomaliza aliisukuma sahani kwa ncha ya fimbo mpaka mlangoni.

"Mwambieni mwenye nyumba," akasema, "mgeni anaomba aongezewe."